Je, Wajua? Kikombe cha Mkojo na Kifungo cha Nje

Je, wajua kwamba mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kuachiwa na mahakama awe chini ya uangalizi wa raia mwenzake, badala ya kupelekwa jela, alikuwa mlevi? Ilikuwa Boston, Marekani, mwaka 1841. John Augustus, fundi viatu, alikuwa amekaa mahakamani aliposikia mtu akishtakiwa kwa ulevi wa kupindukia. Alimwendea, akazungumza naye kwa muda mfupi, kisha akamwomba hakimu amkabidhi mtu yule kwa dhamana yake. Mshtakiwa aliahidi kuacha pombe. Wiki tatu baadaye walirudi wote wawili, na waliokuwapo walishindwa kuamini kwamba ni yule yule. Hakimu alimtoza faini ya senti moja na gharama za kesi.

Hapakuwa na maabara wala kikombe. Hakimu alimtazama mtu usoni, akamsikiliza, akamuuliza aliyekaa naye. Augustus aliendelea na kazi hiyo bila mshahara hadi karibu na kifo chake mwaka 1859, akiwa amewadhamini watu 1,946. Mwaka 1878 jimbo lake la Massachusetts lilitunga sheria ya kwanza ya kumlipa afisa wa kazi hiyo. Kwa hiyo probesheni, yaani kifungo hicho cha nje chini ya uangalizi, na ulevi vimefuatana tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni namna ya kumjua aliyeacha na asiyeacha, na hapo ndipo matatizo mengi yalipoingia.

Wasomaji wa Bujumbura watauliza: haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana, na sababu yake inaanzia Brussels. Ubelgiji ilikuwa na sheria ya kuahirisha kifungo na ya kumwachia mfungwa kwa masharti tangu 1888, ile iliyoletwa na waziri wa sheria Jules Lejeune. Lakini sheria yake ya probesheni, yenye afisa wa kumfuatilia mtu na kumsaidia, ilipitishwa tarehe 29 Juni 1964. Burundi ilikuwa imepata uhuru miaka miwili kabla, tarehe 1 Julai 1962. Desturi ya mahakama tuliyoirithi ina sursis, yaani kuahirishwa kwa kifungo, na kuachiwa kwa masharti, lakini yule mtu wa kati, mrithi wa fundi viatu wa Boston, hakuja nayo. Kenya, kwa upande wake, ilikuwa na huduma ya probesheni tangu 1946, na hadi leo afisa wake huenda hadi nyumbani kwa mshtakiwa, akaongea na mama, jirani na mzee wa kijiji kabla ya kumwandikia hakimu taarifa.

Burundi nayo imepiga hatua. Kanuni ya adhabu ya tarehe 22 Aprili 2009, ile ile iliyofuta adhabu ya kifo, iliweka kazi za manufaa ya umma miongoni mwa adhabu. Na haja ipo: magereza 11 ya nchi yana nafasi ya watu 4,194, lakini miaka ya karibuni yamekuwa na zaidi ya 12,000. Mpimba, gereza kuu la Bujumbura, lilijengwa kwa ajili ya watu 800. Mwaka 2021 Rais Évariste Ndayishimiye alitoa msamaha kwa wafungwa zaidi ya 5,000 kwa mpigo mmoja. Nchi yenye magereza ya namna hiyo italazimika kuwaacha watu wengi zaidi nje kwa masharti. Na katika mji ambao heroini inayoitwa boost imeingia Buyenzi na Bwiza, sharti la kwanza litakaloandikwa ni kuacha dawa za kulevya, na swali la kwanza litakalofuata ni: tutajuaje?

Jibu ambalo dunia imezoea kutoa ni kikombe cha mkojo. Basi tukijue kikombe hicho kabla hakijatufikia.

Je, wajua kwamba upimaji wa mkojo wa watu wengi kwa pamoja ulianzia vitani? Juni 1971, serikali ya Rais Richard Nixon iliagiza kila askari wa Marekani anayeondoka Vietnam apimwe kabla ya kupanda ndege. Aliyekutwa na heroini alizuiwa, akasafishwa mwili, kisha akarudi nyumbani akiwa amechelewa. Askari wenyewe waliupa mpango huo jina la Golden Flow, yaani mtiririko wa dhahabu. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia baada ya kurudi, na alichokikuta kiliwashangaza madaktari: askari mmoja kati ya watano alikuwa mraibu akiwa Vietnam, lakini kati ya hao waraibu ni takriban asilimia 5 tu waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Walikuwa wametoka mahali ambapo heroini ilikuwa rahisi, vita ilikuwa kila siku, na mke na mama walikuwa mbali. Waliporudi, hayo yote yalibadilika. Kijana wa Buyenzi anayetoka Mpimba hurudi kwenye avenyu ile ile, kwa marafiki wale wale na muuzaji yule yule. Tofauti hiyo haionekani kwenye mkojo hata kidogo.

Je, wajua kwamba kipimo cha haraka hakitafuti dawa yenyewe? Kinatumia kingamwili, chembe zilizotengenezwa kushikana na umbo fulani la molekuli. Molekuli nyingine yenye umbo la kufanana ikipita, kingamwili huweza kuishika pia, na kipimo kikaonyesha dawa ambayo mtu hajaigusa. Ndiyo maana maabara makini huchukua jibu la kwanza kama tuhuma, kisha hutumia mashine ya kupima uzito wa molekuli moja moja ili kuthibitisha. Mashine hiyo ni ghali, inahitaji mtaalamu na umeme usiokatika. Kipande cha karatasi cha kuchovya kwenye kikombe ni cha bei nafuu. Katika nchi maskini hatari iko hapo: karatasi itafika mapema, mashine itachelewa, na mtu atahukumiwa kwa tuhuma.

Sasa angalia ni nani yuko hatarini zaidi. Efavirenz ilikuwa kwa miaka mingi dawa ya msingi ya kufubaza virusi vya UKIMWI katika Afrika Mashariki, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoipa dolutegravir nafasi hiyo mwaka 2019. Mabaki ya efavirenz mwilini huweza kudanganya baadhi ya vipimo vya bangi, na vingine vya dawa za usingizi. Mtu anameza kidonge chake kila usiku kama alivyoagizwa na daktari, na asubuhi kipimo kinasema amevuta. Ajitetee vipi bila kutaja hali yake mbele ya karani, polisi na majirani waliojaa chumbani?

Rifampicin, dawa kuu ya kifua kikuu, ile inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, imewahi kuonekana kama afyuni kwenye baadhi ya vipimo. Baadhi ya dawa za maambukizi za kundi la ofloxacin huleta shida hiyo hiyo. Matibabu ya kifua kikuu huchukua miezi sita, na magereza yenye msongamano ni mahali ambapo ugonjwa huo huenea kwa urahisi. Mtu anaweza kuupata ndani na kuendelea na dozi akiwa nje chini ya masharti, huku kila wiki mkojo wake ukimshtaki.

Rifampicin ina jambo jingine zito. Huharakisha ini kuivunja methadone, dawa inayotolewa kwa waraibu wa heroini ili wasipate arosto. Anayetumia zote mbili bila dozi ya methadone kuongezwa anaweza kuanza kutetemeka, kutokwa na jasho na kuumwa mifupa, ingawa anafika kliniki kila siku. Akirudi kwa muuzaji siku hiyo, mahakama itaandika kwamba ameasi. Kwa maoni yangu, aliyeshindwa hapo ni yule ambaye hakuzisoma kadi mbili za mgonjwa mmoja.

Kwinini nayo ina historia yake. Wauzaji wa New York walizoea kuichanganya na heroini, na katika miaka ya 1960 na 1970 maabara za huko ziliitafuta kwenye mkojo kama dalili kwamba mtu amejidunga. Hebu fikiria kipimo cha namna hiyo kikiletwa Bujumbura, kando ya Tanganyika, ambako mtu humezeshwa kwinini kwa sababu ya mbu!

Sirapu ya kikohozi yenye kodeini: mwili hugeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini, kwa hiyo jibu la kipimo cha afyuni huwa sahihi na tafsiri yake huwa kosa. Tramadol ni kinyume chake, maana kipimo cha kawaida cha afyuni huwa hakiioni.

Anayepewa masharti ya kupimwa, au ndugu yake anayemsimamia, anapaswa kujua mambo machache ambayo mawakili na wauguzi wa nchi zenye upimaji hurudia kila siku. Dawa zote zitajwe kwa maandishi kabla ya kikombe kujazwa, zile za hospitali na zile za kununua dukani. Kadi ya kliniki na cheti cha daktari vibebwe. Jibu likikataliwa, kipimo cha uthibitisho kiombwe pale pale, na sehemu ya mkojo ule ule ihifadhiwe. Madereva wa malori wa Marekani wana haki hiyo kisheria: mkojo wao hugawanywa katika chupa mbili, na wana saa 72 za kudai chupa ya pili ipimwe. Aliye chini ya probesheni mara nyingi hana uhakika wa kupata chupa hiyo, ingawa yeye ndiye mwenye uhuru wa kupoteza.

Je, wajua kwamba kipimo humwonea anayetumia dawa nyepesi kuliko anayetumia nzito? Bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili. Aliyevuta mara moja huonekana kwa siku chache, lakini aliyekuwa akivuta kila siku anaweza kuendelea kuonekana kwa mwezi au zaidi baada ya kuacha kabisa. Heroini huondoka baada ya siku moja hadi tatu, na alama yake ya pekee, ile isiyoweza kuchanganywa na kodeini, huwa imepotea ndani ya saa 24. Kwa hiyo aliyeacha bangi wiki mbili zilizopita anaanguka, na aliyejidunga Jumatano akipimwa Jumatatu anapita. Uingereza ilipoanza kuwapima wafungwa kwa lazima katika magereza yake yote mwaka 1996, hoja ilizuka mara moja kwamba baadhi yao wangeiacha bangi na kukimbilia heroini ili wasishikwe. Sheria inayomsukuma mtu kutoka msokoto hadi sindano, hata kama ni mtu mmoja tu, inahitaji kutazamwa upya.

Pombe haina tofauti sana. Yenyewe hupotea kwa saa chache, lakini kipo kipimo kinachotafuta mabaki yake na huweza kuyaona hadi siku tatu. Mtu aliyekunywa urwarwa au impeke kwenye sherehe ya Ijumaa anaweza kuonekana Jumatatu. Mwaka 2006 mamlaka ya afya ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba kipimo hicho peke yake kisitumike kumwadhibu mtu, kwa sababu ni chepesi kiasi cha kunasa hata dawa ya kuoshea mikono yenye spiriti. Muuguzi, mwalimu au mfanyakazi wa duka la dawa aliyetakasa mikono yake siku nzima anaweza kujikuta akieleza kosa ambalo hakulifanya.

Wengi hudhani maji mengi yataokoa. Maabara hupima pia kreatinini, taka ya kawaida ya misuli, na ikishuka chini ya miligramu 20 kwa desilita huandika kwamba mkojo umezimuliwa. Joto hupimwa ndani ya dakika nne, na linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 32 na 38. Mkojo uliozimuliwa huweza kuhesabiwa kama kukataa kupimwa. Anayekunywa maji kwa jua la Bujumbura, au kwa ushauri wa daktari wa figo, aseme mapema.

Nywele? Sentimita moja ni takriban mwezi mmoja wa maisha, kwa hiyo kipande cha karibu sentimita nne husimulia siku 90. Lakini baadhi ya dawa hushikamana na melanini, rangi inayofanya nywele ziwe nyeusi. Polisi weusi wa Boston waliofukuzwa kwa kipimo cha nywele walikwenda mahakamani, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba takwimu zilionyesha kipimo hicho kiliwaangukia zaidi wao kuliko weupe. Serikali yoyote ya Kiafrika itakayoshawishiwa kununua teknolojia hiyo iisome kesi hiyo kwanza.

Je, wajua kwamba hata Dar es Salaam mkojo umewahi kusimama kizimbani mbele ya taifa zima? Februari 2017, wakati wa operesheni ya aliyekuwa mkuu wa mkoa Paul Makonda, wasanii kadhaa walifikishwa mahakama ya Kisutu, na baadhi yao wakaachiwa kwa sharti la kuwa na mwenendo mwema na kuripoti polisi. Masharti hayo yalizungumzwa sana katika eneo letu. Katika kesi ya Wema Sepetu, Miss Tanzania wa mwaka 2006, ushahidi wa Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu mkojo wake ulisomwa mahakamani. Julai 2018 alihukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni 2 au kwenda jela mwaka mmoja, naye akalipa. Aliyekuwa na wakili aliweza kumhoji mkemia. Wengi wa wale wanaokamatwa vijiweni hawana wa kuwaulizia hata sampuli ilifungwa na nani.

Hawaii ilijaribu njia ya haraka. Mwaka 2004 Jaji Steven Alm alianzisha mpango ambao kila mtu aliye kwenye probesheni alipewa rangi. Kila asubuhi alipiga simu, na rangi yake ikitajwa alikwenda kupimwa siku hiyo hiyo. Akianguka, alilala mahabusu siku chache, si miaka. Matokeo ya mwanzo yalisifiwa kote Marekani. Mpango huo uliporudiwa katika maeneo mengine manne, utafiti uliotoka mwaka 2016 haukuona tofauti ya maana kati ya waliokuwa ndani yake na waliokuwa kwenye probesheni ya kawaida. Naamini Hawaii ilikuwa na kitu ambacho hakikusafirishwa pamoja na rangi na simu: jaji aliyewajua watu wake kwa majina.

Kwa ndugu zetu walioko ng'ambo jambo hili lina makali ya aina yake. Maelfu ya Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuishi kwenye kambi za Tanzania walipelekwa Marekani kuanzia 2007. Baadhi ya majimbo wanakoishi yameruhusu bangi, lakini sheria ya shirikisho haijaiondoa kwenye orodha ya makosa, na asiye raia anaweza kuharibu karatasi zake za uhamiaji kwa kukiri tu kwamba aliwahi kutumia. Anayeulizwa na afisa wa probesheni asikimbilie kusaini karatasi ya kukiri kabla ya kuzungumza na wakili anayejua uhamiaji. Na anayetumia methadone kwa cheti cha daktari ajue kwamba mwaka 2022 wizara ya sheria ya nchi hiyo ilitamka wazi kuwa sheria ya watu wenye ulemavu inamlinda. Mahakama haitakiwi kumlazimisha aiache dawa yake.

Massachusetts, jimbo la yule fundi viatu, lilirudi kwenye swali hili Julai 2018. Mwanamke aliyekuwa kwenye probesheni, na ambaye alikuwa ameanza matibabu ya uraibu, alipimwa siku chache baadaye, akakutwa na fentanyl na kuwekwa ndani. Mawakili wake walisema kurudia dawa ni dalili ya ugonjwa wenyewe, na kwamba kumfunga ni kumwadhibu kwa kuumwa. Mahakama ya juu ya jimbo haikukubaliana nao: hakimu ana haki ya kumwekea mraibu sharti la kutotumia na ya kumzuia akilivunja.

Hapa kwetu liko jibu jingine. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadone, ya kwanza ya umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Kenya ilifuata Desemba 2014, Zanzibar 2015. Kwenye kliniki za namna hiyo mkojo hupimwa pia, na mara nyingi hukutwa na heroini, hasa miezi ya mwanzo. Daktari anayepata jibu hilo huuliza kama dozi ni ndogo, kama mgonjwa amepata mahali pa kulala, kama ameanza dawa za kifua kikuu, kisha humwambia arudi kesho asubuhi. Bujumbura ina hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge, chini ya Mabruda wa Charité, na ina BAPUD, chama cha watu waliowahi kutumia dawa za kulevya, ambao wanazijua avenyu za Buyenzi kuliko hakimu yeyote. Siku mahakama zetu zitakapoanza kuandika sharti la kupimwa, hao ndio wa kuitwa kwanza, kabla ya muuzaji wa vikombe.